Charles Darwin na Siri ya Ncha ya Mmea

Kitalu cha chai

Mwanafunzi, ukisafiri kutoka mjini Mbeya kwenda Tukuyu, barabara hupanda na kuteremka kando ya Mlima Rungwe. Huko hewa ni ya ubaridi na mvua hunyesha kwa wingi. Utaona migomba, miparachichi, mashamba ya viazi mviringo, na mashamba ya chai yaliyotandaa juu ya vilima kama jamvi la kijani. Chai si mmea wa asili wa nchi yetu. Ililetwa na Wajerumani, ikapandwa kwanza Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, kisha Kyimbila, karibu na Tukuyu, mwaka 1904. Baadaye ikawa mojawapo ya mazao makuu ya biashara ya Wilaya ya Rungwe.

Ukipata nafasi ya kuingia katika kitalu cha chai, simama utazame jinsi miche inavyotayarishwa. Mtunza kitalu hachukui mbegu. Huchagua mchai ulio bora, hukata tawi changa, kisha huligawa tawi hilo vipande vipande. Kila kipande kina jani moja, jicho moja lililo kwapani mwa jani hilo, na sehemu ya shina yenye urefu wa sentimeta tatu au nne tu. Kipande hicho huitwa kipandikizi. Hukichomeka katika kiriba chenye udongo wenye asidi, hukinywesha maji, hukifunika kwa nailoni na kukiweka chini ya kivuli. Baada ya majuma kadhaa, sehemu ya chini ya kipandikizi huvimba kidogo, kisha mizizi myeupe huchomoza.

Sasa fikiri. Kipandikizi kilipokatwa hakikuwa na mzizi hata mmoja. Ni nini kilichokiamuru kitoe mizizi? Kwa nini mizizi ilitokea chini, wala haikutokea juu karibu na jani? Na kwa nini kipandikizi kilichonyang'anywa jani lake na jicho lake mara nyingi hukauka bila kutoa mzizi wowote?

Mmoja wa watu waliofungua njia ya kujibu maswali haya hakufika Rungwe hata siku moja. Alikuwa mzee mgonjwa, aliyeishi kijijini katika nchi ya Uingereza, na vyombo vyake vilikuwa vyungu vya maua, wembe, rangi nyeusi na vipande vya karatasi ya bati. Jina lake ni Charles Darwin. Soma habari za maisha yake, nawe utaona jinsi jambo dogo linaloangaliwa kwa makini linavyoweza kuzaa elimu kubwa.

Utoto na masomo

Charles Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alifariki mwaka 1817, Charles akiwa mtoto wa miaka minane. Shuleni hakuhesabiwa miongoni mwa wanafunzi hodari. Alipenda zaidi kuokota mawe, kukusanya wadudu na kutembea porini kuliko kukariri masomo aliyopewa.

Baba yake alitaka awe daktari kama yeye. Mwaka 1825 alimpeleka katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Siku zile dawa ya usingizi ilikuwa bado haijaanza kutumiwa hospitalini, na wagonjwa walipasuliwa wakiwa macho. Kijana Darwin alishindwa kuvumilia kutazama mateso hayo. Akaukimbia udaktari.

Hata hivyo hakutoka Edinburgh mikono mitupu. Katika mji huo aliishi John Edmonstone, mtu mweusi aliyekuwa ametolewa utumwani huko Guyana, Amerika ya Kusini. Edmonstone alikuwa fundi wa kuhifadhi ngozi za ndege ili zisioze. Darwin alimlipa amfundishe kazi hiyo. Ufundi huo ulimfaa sana miaka michache baadaye, alipolazimika kuhifadhi ndege na wanyama wengi safarini. Kumbuka basi kwamba mmoja wa walimu wa kwanza wa mwanasayansi huyu mashuhuri alikuwa mtu wa asili ya Afrika aliyekuwa mtumwa.

Baadaye Darwin alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alijenga urafiki na mwalimu wake wa elimu ya mimea, John Henslow. Mwalimu huyo ndiye aliyempatia nafasi iliyobadili maisha yake.

Safari ya miaka mitano

Tarehe 27 Desemba 1831, Darwin aliondoka Uingereza akiwa ndani ya merikebu iliyoitwa Beagle. Alikuwa na umri wa miaka 22. Kazi ya merikebu hiyo ilikuwa kupima pwani za nchi za mbali, nayo ilizunguka dunia nzima kwa muda wa karibu miaka mitano. Kila ilipotia nanga, Darwin alishuka, akapanda milima, akachimba mawe, akakusanya mimea na wanyama. Baharini aliteseka kwa kichefuchefu karibu kila siku, lakini hakuacha kuandika aliyoyaona.

Huko Brazili aliona watumwa wakiteswa, na chuki yake dhidi ya utumwa ikazidi. Mwaka 1835 alifika katika visiwa vya Galapagos, na mwaka 1836, wakati wa kurejea, alipita Moris na Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika. Tarehe 2 Oktoba 1836 alifika Uingereza.

Vitu alivyokusanya vilimpa mambo ya kufikiri kwa miaka mingi. Mwaka 1859 alitoa kitabu chake kilichojulikana kuliko vyote, ambamo alieleza jinsi aina za viumbe zinavyobadilika kidogo kidogo katika vizazi vingi. Kitabu hicho kilizusha ubishi mkubwa ulimwenguni. Sisi katika somo hili tutafuata kazi yake nyingine, ambayo watu wengi hawaijui.

Nyumba iliyogeuka kuwa maabara

Darwin alioa mwaka 1839. Mkewe aliitwa Emma. Mwaka 1842 walihamia kijiji cha Down, katika mkoa wa Kent, si mbali na jiji la London. Darwin aliishi hapo maisha yake yote yaliyobaki. Walipata watoto kumi, lakini watatu walikufa wangali wadogo. Mmoja wao, binti yao Annie, alikufa mwaka 1851 akiwa na umri wa miaka kumi, na huzuni ya kifo hicho haikumtoka baba yake.

Darwin mwenyewe alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu wa maisha yake. Siku nyingi alitapika, akaumwa kichwa, akashindwa kufanya kazi zaidi ya saa chache. Hakuweza tena kusafiri nchi za mbali. Basi alijiuliza atafanya utafiti gani akiwa nyumbani. Jibu lilikuwa dirishani pake. Mimea haikimbii. Mtu mgonjwa anaweza kuitazama akiwa ameketi.

Alichunguza mimea inayotambaa na kupanda juu ya mingine. Alichunguza mimea inayonasa wadudu na kuwala. Baadaye alichunguza hata minyoo ya ardhini. Aliwaomba watu wa nyumbani kwake wapige piano, filimbi na zumari kubwa karibu na minyoo hiyo, ili ajue kama inasikia. Minyoo haikujali.

Mwaka 1876 msiba mwingine uliingia. Mwanawe Francis alifiwa na mkewe muda mfupi baada ya mke huyo kujifungua. Francis akarudi kwa wazazi wake pamoja na mtoto mchanga. Alikuwa amesomea udaktari, lakini alipenda elimu ya mimea. Akawa msaidizi wa baba yake. Mzee mgonjwa na kijana mfiwa wakaanza kazi pamoja.

Kofia ya karatasi ya bati

Umepata kuona mmea uliowekwa karibu na dirisha? Shina lake huinamia upande wa mwanga. Watu wote waliliona jambo hilo. Darwin na Francis waliuliza swali moja zaidi: je, ni sehemu gani ya mmea inayouona mwanga?

Walipanda mbegu za nyasi zilizozoeleka kulishwa ndege wa kufugwa. Mbegu ya nyasi inapoota, kama ilivyo kwa mahindi, jani la kwanza hutoka likiwa limefunikwa na ala nyembamba, mfano wa kisu kilicho ndani ya ala yake. Ala hiyo huinamia mwanga upesi sana. Sasa tazama walivyofanya.

Mimea mingine waliivika kofia ndogo ya karatasi ya bati kwenye ncha, ili ncha isipate mwanga. Mingine waliivika kofia ya kioo kilichopakwa rangi nyeusi. Mingine waliivika kofia ya kioo safi kinachopitisha mwanga. Na mingine waliifunika sehemu ya chini tu, wakaiacha ncha wazi. Kisha wakaiweka yote mahali ambapo mwanga ulitoka upande mmoja.

Mimea mingi iliyofunikwa ncha yake isipate mwanga ilisimama wima. Ile yenye kofia ya kioo safi iliinama. Ile iliyofunikwa sehemu ya chini nayo iliinama. Je, unaona kwa nini walitumia kofia ya kioo safi? Bila hiyo, mtu angeweza kusema kwamba mmea ulishindwa kuinama kwa sababu ya uzito wa kofia. Kioo safi kilionyesha kwamba sababu haikuwa uzito, bali giza.

Lakini kulikuwa na jambo la ajabu zaidi. Sehemu iliyoinama haikuwa ncha yenyewe. Ilikuwa sehemu iliyo chini ya ncha. Ncha iliuona mwanga, na sehemu ya chini ikatii. Kwa hiyo kulikuwa na ujumbe wa namna fulani uliosafiri kutoka juu kwenda chini.

Waliipima mizizi pia. Mzizi wa mche wa maharagwe ukilazwa kwa ubavu, ncha yake hugeuka na kuelekea chini. Walipoikata ncha ya mzizi au kuiunguza, mzizi ule haukujua tena upande wa chini ni upi. Darwin akaona kwamba ncha ya mzizi huongoza sehemu zinazoufuata, kama ubongo unavyouongoza mwili wa mnyama mdogo. Mwaka 1880 baba na mwana walichapisha matokeo yao katika kitabu kimoja kuhusu mijongeo ya mimea.

Ubishi wa mabingwa wawili

Wakati huo bingwa mkuu wa elimu ya mimea katika Ulaya alikuwa Julius Sachs, wa mji wa Würzburg, Ujerumani. Maabara yake ilikuwa na vyombo bora kuliko vyote. Francis mwenyewe alikuwa ameenda huko kujifunza. Sachs alipokisoma kitabu cha akina Darwin hakukikubali. Msaidizi wake alirudia jaribio la kukata ncha za mizizi, akapata matokeo tofauti. Sachs akatangaza kwamba akina Darwin wamekosea, na akayadharau majaribio yao kwa kuwa yalifanyika katika nyumba ya kijijini, mbali na maabara. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba makosa yalikuwa upande wa maabara: ncha hazikukatwa kwa uangalifu uliotakiwa.

Charles Darwin hakuishi hadi kuuona mwisho wa ubishi huo. Alifariki tarehe 19 Aprili 1882, akiwa na umri wa miaka 73, akazikwa katika Kanisa la Westminster mjini London.

Sasa usimhukumu Sachs upesi. Yeye naye alikuwa ameona jambo la kweli. Katika miaka ile ile alieleza kwamba huenda majani hutengeneza vitu maalumu vinavyoteremka kwenye shina na kusababisha mizizi iote. Tazama basi: Darwin alikuwa na ujumbe utokao kwenye ncha. Sachs alikuwa na vitu viteremkavyo kutoka majani na kuleta mizizi. Kila mmoja alishika nusu ya ukweli, lakini kwa ubishi hawakuziunganisha nusu hizo. Sachs alifariki mwaka 1897, na siri ilikuwa bado haijafumbuliwa.

Ujumbe wapewa jina

Kati ya mwaka 1910 na 1913, Peter Boysen Jensen wa Denmaki alikata ncha ya ala, akaweka utando laini wa jelatini, kisha akairudisha ncha juu yake. Mmea uliinama bado. Ujumbe ulikuwa umepenya katika jelatini. Basi haukuwa kitu cha kufikirika, bali kitu halisi kinachoweza kuyeyuka na kupita.

Mwaka 1926 kijana wa Uholanzi, Frits Went, aliziweka ncha za mche wa oti juu ya vipande vya agari, ambayo ni utando laini unaotengenezwa kwa mwani. Baada ya muda akaziondoa ncha. Akaweka vipande vile vya agari juu ya ala zilizokatwa ncha. Ala zikakua, ingawa hazikuwa na ncha. Ujumbe wa Darwin ulikuwa umehamia katika agari. Kitu hicho kikaitwa auksini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukua. Auksini ni homoni, yaani kemikali inayotengenezwa katika sehemu moja ya kiumbe na kuamuru kazi katika sehemu nyingine.

Mwaka 1934 wataalamu walitambua auksini mojawapo, na utashangaa kusikia kwamba waliipata katika mkojo wa binadamu. Usiende ukamwagia miche yako mkojo: una chumvi kali nao utaiunguza. Muda mfupi baadaye ilithibitishwa kwamba auksini ndiyo hiyo hiyo inayofanya vipandikizi vitoe mizizi. Hivyo nusu ya Darwin na nusu ya Sachs zikaungana, miaka zaidi ya 50 baada ya ubishi wao.

Sasa unaweza kujibu maswali ya kitalu cha chai. Jicho na jani changa hutengeneza auksini. Auksini husafiri kuteremka katika shina. Kipandikizi kikiwa kimekatwa, haiwezi kuendelea zaidi, hivyo hujikusanya kwenye sehemu ya chini. Seli za hapo huanza kugawanyika, na mizizi hutokea. Jani pia hutengeneza chakula cha kuilisha mizizi hiyo. Ukiling'oa jani na jicho, umekinyima kipandikizi dawa yake na chakula chake.

Dawa ya dukani na dawa ya asili

Tangu mwaka 1935 wataalamu wameweza kutengeneza viwandani kemikali zinazofanya kazi kama auksini. Huuzwa zikiwa unga au maji, na wenye vitalu huchovya vipandikizi ndani yake. Zinasaidia sana mimea migumu kutoa mizizi. Lakini zina bei, hazipatikani kila mahali, na zikizidi kipimo huizuia mizizi badala ya kuiotesha. Kwa hiyo watu wengi huuliza: je, hatuwezi kutumia vitu vya asili?

Tuvipime kimoja kimoja.

Zamani, wakulima wa bustani wa Ulaya na Mashariki ya Kati walikuwa na desturi ya kupasua mwisho wa kipandikizi na kuingiza ndani yake mbegu ya nafaka. Mbegu ilipoota, kipandikizi kilitoa mizizi kwa urahisi. Hawakujua sababu. Wewe unaijua: mbegu inayoota hutengeneza auksini, kama zile mbegu za Darwin.

Maji ya dafu yalianza kutumiwa na wataalamu mwaka 1941 kukuzia viinitete vya mimea ndani ya chupa. Ni kweli kwamba yana homoni. Lakini homoni zake zenye nguvu zaidi huhimiza seli zigawanyike na machipukizi yatokee. Hazihimizi mizizi kwa kiasi hicho. Majani ya mlonge nayo husifiwa kwa sababu kama hiyo.

Asali hutumiwa na baadhi ya watu kupaka jeraha la kipandikizi. Asali huzuia vijidudu na ukungu. Hiyo ni faida, lakini si homoni ya mizizi.

Dawa ya asili iliyo ya hakika kuliko zote ni ile ambayo mmea hujitengenezea. Mtunza kitalu anayechagua tawi changa lenye afya, akakata kwa kisu kikali na safi, akalinda jicho, akaliacha jani, na akakichomeka kipandikizi upande ule ule uliokuwa chini, ameitumia dawa hiyo bila kulipa hata senti moja.

Mmea ndani ya chupa

Kuna njia nyingine ya kupata miche, inayotumika sana siku hizi. Huitwa ukuzaji wa tishu. Mkulima wa migomba akipanda chipukizi lililong'olewa katika shamba lenye ugonjwa, huuhamisha ugonjwa pamoja na chipukizi, na hata fukusi wa migomba huhama nalo. Mkulima wa viazi mviringo naye hupata hasara akipanda mbegu zenye virusi au bakteria wa mnyauko. Shamba zima linaweza kuharibika, na familia ikakosa chakula na karo.

Ili kuepuka hasara hiyo, mtaalamu huchukua kipande kidogo sana cha mmea, mara nyingi ncha yenyewe, akakisafisha kiondokewe na vijidudu. Hukiweka katika chupa yenye agari, sukari na madini. Mchanganyiko wa madini unaotumika mahali pengi ulitungwa na Toshio Murashige na Folke Skoog, ukatangazwa mwaka 1962. Ndani ya chupa, ncha moja huweza kuzaa machipukizi mengi. Lakini machipukizi yasiyo na mizizi hayawezi kupandwa shambani. Hapo ndipo wataalamu huongeza auksini ya kiwandani.

Je, ni lazima kuiongeza kila mara? La. Kipande cha shina la kiazi mviringo chenye jicho moja hutoa mizizi katika chupa hata kama hakikuongezwa homoni yoyote. Machipukizi ya mgomba nayo, yakihamishiwa katika chakula kisicho na homoni ya kuchipua, mara nyingi hutoa mizizi yenyewe. Sababu ni ile ile uliyoisoma: ncha ya chipukizi hutengeneza auksini yake na kuiteremsha chini. Auksini ya kuongezwa huharakisha kazi hiyo au huisaidia mimea iliyo migumu.

Kwa hiyo kabla hujanunua dawa, na kabla hujaamini sifa za dawa ya asili uliyoambiwa na jirani, fanya kama walivyofanya Darwin na mwanawe. Weka vipandikizi vilivyotiwa dawa upande mmoja, na vingine visivyotiwa kitu upande wa pili. Vitunze kwa namna moja. Kisha hesabu mizizi.

Jaribio la 1: Kofia ya Darwin

Vitu vinavyohitajiwa: punje 20 za mahindi, kopo mbili zenye udongo, sanduku la karatasi ngumu, na karatasi ya kung'aa kama ile inayofungia majani ya chai.

1. Panda punje 10 katika kila kopo. Mwagilia maji kidogo, uziweke kopo gizani.
2. Ala zikifika urefu wa sentimeta mbili hivi, kabla majani hayajatoboa, tengeneza kofia ndogo za karatasi ya kung'aa.
3. Vika kofia ncha za mimea ya kopo la kwanza. Mimea ya kopo la pili iache wazi.
4. Funika kopo zote mbili kwa sanduku lenye tundu moja ubavuni. Elekeza tundu upande wa mwanga.
5. Tazama siku inayofuata. Andika idadi ya mimea iliyoinama katika kila kopo.

Jaribio la 2: Mche usio na mizizi

1. Otesha maharagwe 12 mpaka yatoe majani mawili ya kwanza.
2. Mbele ya mwalimu wako, kata kila mche kwa wembe safi juu kidogo ya udongo. Mizizi yote ibaki ardhini.
3. Miche sita iache na majani yake na ncha yake. Miche sita mingine iondolee majani na ncha.
4. Isimamishe katika glasi mbili zenye maji safi. Badilisha maji kila siku.
5. Baada ya siku 7 hadi 10, hesabu mizizi ya kila mche. Linganisha glasi mbili.

Maswali

1. Kipandikizi cha chai kina sehemu zipi tatu? Eleza kazi ya kila sehemu.
2. John Edmonstone alimfundisha Darwin kazi gani? Ilimsaidia vipi?
3. Kwa nini Darwin na Francis walitumia kofia ya kioo safi pamoja na kofia nyeusi?
4. Darwin alikuwa na nusu gani ya ukweli, na Sachs alikuwa na nusu gani?
5. Eleza jinsi auksini inavyosababisha mizizi itokee chini ya kipandikizi.
6. Jirani yako anadai kwamba asali huotesha mizizi. Utafanya jaribio gani ili kujua ukweli?
7. Taja mimea mitatu ya kijijini kwenu inayopandwa bila kutumia mbegu.

Maneno mapya

Agari: utando laini unaotengenezwa kwa mwani, hutumiwa kushikilia chakula cha mimea katika chupa.
Ala: kifuniko chembamba cha jani la kwanza la nyasi au mahindi.
Auksini: homoni ya mimea inayohimiza kukua na kutoa mizizi.
Kipandikizi: kipande cha mmea kinachopandwa ili kiwe mmea kamili.
Kiriba: mfuko mdogo wa nailoni wa kuoteshea mche.
Tishu: kundi la seli za aina moja zinazofanya kazi pamoja.